Folda Niliyoitoa Kwenye Faharasa

Jumatano, jioni. Jua limeshuka lakini joto bado halijatoka ukutani.

Wewe unayesoma, nakuomba kwa unyenyekevu: usimtumie mtu ukurasa huu. Usiupige picha, usiusome kwa sauti mahali penye watu. Kila neno lililo hapa libaki kati yako na mimi. Majina ya watu nimeyabadilisha yote. Jina la ofisi sitalitaja, wala jengo, wala rangi ya mlango wake. Ukidhani umenitambua, nakusihi unyamaze. Isiolo ni mji mdogo na mkataba wangu wa kazi ni wa miezi mitatu mitatu.

Naandika kwa simu, kitandani, mgongo umeegemea ukuta. Kompyuta iko mezani mbele yangu, inafanya kazi yake, na sitaki kuigusa. Sababu nitaieleza.

Nimekosea watu. Sikuwaibia wala sikuwatukana. Niliwaambia hawapo.

Kwa asiyetoka huku, nianze mwanzo. Mimi ni karani wa dirishani. Ofisi yetu hutunza kumbukumbu za vikao vya wazee. Watu wengi wa huku walizaliwa malishoni, mbali na hospitali, hawana karatasi ya kuzaliwa. Kwa hiyo kijana akihitaji kuthibitisha kwamba ni mtoto wa mahali fulani, husimama mbele ya wazee wa kwao. Humuuliza baba yake ni nani, babu yake ni nani, ukoo gani, ng'ombe wao walinywa maji wapi mwaka ule wa kiangazi kikali. Kisha mzee mmoja anayeijua familia hiyo huinuka na kusema mbele ya wote: huyu ni wetu, namsimamia. Jina la kijana huandikwa, na jina la mzee aliyemsimamia huandikwa kando yake.

Hiyo ndiyo karatasi ya kuzaliwa ya mtu wa huku. Nami ndiye ninayeitunza.

Kompyuta ya ofisi ilikufa siku umeme uliporudi kwa nguvu kupita kiasi. Nikaambiwa nilete yangu kwa muda, laptopu ambayo mama alininunulia nikiwa chuoni. Huo muda haujaisha mpaka leo. Vikao vya miaka mingi vilinakiliwa kwenye diski yangu, ndani ya folda moja kubwa inayoitwa Vikao. Kila faili limepewa namba ya kikao na siku yake. Majina ya watu yako ndani ya faili, hayako juu yake. Ukitaka kumpata mtu na hujui alisikizwa siku gani, huna budi kuiambia kompyuta itafute ndani ya maneno.

Kompyuta haisomi mafaili yote upya kila unapoiuliza. Hiyo ingechukua muda mrefu sana. Inachofanya ni kuyapitia mapema, polepole, wakati wewe una shughuli nyingine, na kujitengenezea faharasa, kama ile ya kurasa za mwisho za kitabu: neno hili liko faili hili, jina lile liko faili lile. Ukiuliza, inaangalia faharasa tu. Kilichomo kwenye faharasa inakileta kufumba na kufumbua. Kisichomo, kwake ni kama hakijawahi kuandikwa.

Haya nayajua vizuri. Nilifundishwa darasani na nikapata alama ya juu. Ndiyo maana sina pa kujificha.

Kabla ya mvua kulikuwa na wiki za joto ambazo hata kalamu zilivuja mfukoni. Laptopu ilikuwa ikinguruma tangu asubuhi, kibodi inachoma vidole, skrini inaganda mtu akiwa amesimama dirishani. Mkuu wangu, Bwana Kirimi, alipita siku moja akauliza, "Hiyo ni kompyuta ama ni kisiagi cha unga?" Watu wa kwenye foleni wakacheka. Mimi huona aibu upesi. Jioni hiyo nilifungua mipangilio nikaona ile kazi ya kuunda faharasa ndiyo iliyokuwa inaichosha. Nikapunguza mzigo. Niliiachia folda ninayotumia kila siku, ile ninamohifadhi vikao vipya, na nikaondoa alama ya tiki kwenye folda ya Vikao. Nilijiambia nitairudisha joto likipungua.

Mashine ikanyamaza. Ikawa nyepesi kama mpya. Bwana Kirimi akasema, "Sasa hiyo ndiyo diploma." Nilifurahi wiki nzima.

Nikasahau.

Sijui niseme nini zaidi kuhusu neno hilo. Nimejaribu kutafuta kisingizio na sikukipata. Nilisahau kama mtu anavyosahau kwamba alifunga dirisha.

Baada ya hapo, mtu aliyesikizwa juzijuzi akija, jina lake lilitokea mara moja, nami nikapata imani. Aliyesikizwa zamani akija, niliandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia na jibu likaja upesi vilevile: hakuna kilichopatikana. Ule upesi ndio ulionidanganya. Zamani mashine ilikuwa ikisitasita, ikizungushazungusha kile kiduara chake, na mimi nikiwa na wasiwasi. Sasa ilijibu kama mtu asiye na shaka. Nami nikawa namjibu mtu dirishani kwa sauti ileile.

Mama Hawo alikuja mara ya kwanza na binti yake, Talaso, kutoka Kulamawe. Binti amepata nafasi chuo cha uuguzi, nafasi iliyotengewa watoto wa wafugaji, na chuo kinataka nakala ya kikao kuonyesha kwamba kweli ni mtoto wa huko. Nikatafuta. Hakuna. Nikawaambia labda walikosea ofisi. Wakaenda.

Mara ya pili Mama Hawo alikuja peke yake. Alikuwa ametembea kutoka stendi katika jua la saa saba, na aliniita intala, yaani msichana kwa Kiborana, kwa upole kabisa.

"Angalia tena, intala. Wazee walikaa mchana mzima. Mzee Wario mwenyewe alisimama."

"Nimeangalia, mama. Haiko."

"Alisimama mbele ya watu. Mimi nilikuwa hapo."

Hapo ndipo nilipomwambia maneno ambayo nimeyasikia kichwani siku tatu sasa. Nilimwambia, "Mama, kompyuta haina ukoo wala haina chuki na mtu. Ingekuwepo ingeonyesha." Kisha nikamgeuzia skrini ajionee mwenyewe.

Hajui kusoma. Nilikuwa najua hilo. Niliigeuza hata hivyo.

Aliitazama, akajifunga shuka yake vizuri. "Basi mashine imekataa," akasema, akaondoka. Nikaandika kwenye daftari la wageni, kando ya jina lake, neno moja: hakuna. Nikaita anayefuata.

Juzi Jumatatu akaja Adan. Huyu ni jirani yangu hapa Kiwanjani, fundi wa simu, tunachota maji bomba moja. Alitaka nakala yake. Nikaandika jina. Hakuna kilichopatikana. Nikafungua mdomo nimwambie, nikasita, kwa sababu jina la Adan nililichapa mimi mwenyewe, kwa mikono hii, mwezi wangu wa kwanza kazini, kabla kompyuta ya ofisi haijafa. Nakumbuka mpaka shati alilovaa.

"Madam," akasema huku akitabasamu, "umeandika jina yangu wewe mwenyewe, leo mashine inasema sijazaliwa?"

Wenzake wawili nyuma yake wakaangua kicheko. Mmoja akamwambia aende akazaliwe kwanza, alete cheti.

Nilimwomba arudi kesho. Nikafunga dirisha kwa kisingizio cha chakula cha mchana, nikafungua mipangilio ya faharasa. Folda moja tu ilikuwa na tiki. Vikao ilikuwa pale chini, kisanduku chake kitupu, vilevile nilivyokiacha.

Nikakaa.

Kisha nikafanya ambalo ningepaswa kulifanya tangu siku ya kwanza. Nikaingia ndani ya folda kwa mkono, nikafungua mafaili moja baada ya jingine, nikasoma kwa macho. Mama Hawo aliwahi kuniambia kikao kilikuwa baada ya mvua za vuli mwaka ambao shule ya kwao iliezekwa upya, nami sikulijali hilo, kwa sababu kisanduku cha kutafutia hakina mahali pa kuandika mvua. Kwa maelezo hayo nilikifikia kikao chake katika faili la tano. Talaso, jina la baba yake, jina la babu yake. Amesimamiwa na Wario. Ukurasa wa pili, mstari wa tatu kutoka juu. Amekuwa hapo miaka yote.

Nikachukua daftari la wageni, nikahesabu mahali nilipoandika "hakuna" tangu joto lile. Watu kumi na saba. Mwandiko wangu mzuri kabisa.

Namba ya Talaso ilikuwepo kwenye daftari. Nikampigia. Nilidhani nitampa habari njema na yatakuwa yamekwisha.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Madam, hujui umefanya nini."

Nieleze jambo ambalo mimi, niliyezaliwa mjini hapa kwa wazazi wenye duka waliotoka juu Meru, sikulijua pamoja na kusoma kwangu. Huku mtu akiambiwa jina lake halipo, hatafuti kosa ofisini. Anatafuta ni nani aliyelitoa. Mama Hawo alirudi Kulamawe na neno langu. Watu wakalipima. Kama mashine haina chuki, na jina halipo, basi ama Wario hakumsimamia mtoto kwa moyo, alisimama mchana na akalifuta nyuma ya pazia. Ama alijua jambo. Mama Hawo alimwendea Wario nyumbani kwake, mbele ya wageni, akamuuliza kwa nini amemkana mtoto wa rafiki yake aliyekufa. Wario akaapa kwamba hajamkana mtu. Hakuna aliyemwamini, kwa sababu karani alikuwa ameonyesha skrini.

Kisha wengine wakaanza upande wa pili. Kwamba labda Talaso si mtoto wa marehemu. Kwamba mama yake alirudi naye kutoka ng'ambo ya mpaka mwaka wa ukame, na wazee walilijua hilo siku zote. Kisimani walikuwa wakinyamaza Mama Hawo akifika na mitungi yake. Siku hizi hafiki. Anamtuma mtoto wa dada yake.

"Mama ameacha kutoka nyumbani," Talaso akasema. "Chuo mwisho ni Ijumaa. Lakini mimi chuo si kitu sasa. Unasikia?"

Nilisikia.

Jana Jumanne nilikwenda kwa Bwana Kirimi nikamweleza yote. Nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi ili nisiruke lolote, nikamsomea. Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliegemea kiti, akazungusha kalamu, akapata suluhisho papo hapo.

"Alhamisi kuna kikao hapa mjini," akasema. "Mwambie huyo mtoto aje. Wazee wamsikize tena, tumwandike upya, tupige muhuri, Ijumaa ako chuoni. Wale wengine pia, mmoja mmoja wakirudi. Nani atauliza?"

Nikamwambia kwamba akiandikwa upya Alhamisi, karatasi itaonyesha kwamba alikubaliwa Alhamisi. Itakuwa kama kweli hakuwepo. Wario atabaki mtu aliyefuta jina. Mama Hawo atabaki mama wa mtoto aliyeokotwa.

"Tarehe ni tarehe na barua ni barua," akasema. "Mtoto anataka chuo ama anataka historia? Na hao wengine, ukiulizwa, sema mashine ilikuwa na shida. Usiandike hii maneno popote."

Akaangalia kalenda iliyo ukutani, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza saa, "Mkataba yako inaisha lini?"

Anajua unaisha lini. Yeye ndiye hutia sahihi.

Jana sikula vizuri. Mama aliniuliza kama ni malaria. Nilifikiria wanafunzi wenzangu walio nyumbani, wenye vyeti vizuri kuliko vyangu, wanaokaa kwenye kibaraza cha M-Pesa wakingoja mtu aseme kuna nafasi. Nilifikiria pia kwamba Bwana Kirimi si mtu mbaya. Suluhisho lake lingempeleka msichana chuoni. Lingeniokoa mimi. Lingemdhuru nani, isipokuwa watu wawili wazee walio mbali, ambao hawatakuja kamwe kunigongea mezani?

Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi: jinsi lilivyokuwa rahisi.

Leo asubuhi walikuwa wa kwanza dirishani. Mama Hawo na Talaso. Nilikuwa nimemwambia Talaso waje, bila kusema wanakuja kuchukua nini, kwa sababu mpaka saa mbili asubuhi mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Mama Hawo hakuniita intala. Alisalimu, akaangalia chini.

Kutoa nakala ya ukurasa wa kikao ni kazi yangu. Sihitaji sahihi ya mtu, nahitaji muhuri tu, na muhuri uko kwenye droo yangu. Mlango wa Bwana Kirimi ulikuwa wazi nyuma yangu. Nilimsikia akikoroga chai.

Nikachapisha ukurasa wa pili wa kikao kile, wenye siku yake ya kweli. Nikaupiga muhuri. Kisha nikachukua karatasi nyeupe, nikaandika kwa kalamu kwamba jina la Talaso lilikuwepo kwenye kumbukumbu tangu siku ya kikao, kwamba alisimamiwa na Wario, kwamba halikufutwa na mtu yeyote, na kwamba mara mbili mama yake alipoambiwa halipo, kosa lilikuwa la karani ambaye hakuangalia mahali lilipo. Nikaandika jina langu lote. Nikatia sahihi. Nikapiga muhuri huo nao, ingawa sina hakika kama naruhusiwa.

Nikamsomea Mama Hawo, Talaso akifasiri pale Kiswahili changu kilipokuwa cha shuleni mno. Aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaitazama kama alivyoitazama skrini siku ile. Kisha akamwambia binti yake jambo kwa Kiborana.

"Anasema karatasi ni nzuri," Talaso akasema, "lakini karatasi haiongei. Anasema umwambie Wario kwa mdomo."

Talaso akapiga simu, akaiweka kwa sauti kubwa, akaisogeza kwenye tundu la dirisha.

"Salaam aleikum, mzee," nikasema.

"Aleikum salaam. Nani huyo?"

"Mimi ni karani wa ofisi ya vikao."

Nilisikia mbuzi, na mtu akikohoa mbali kidogo.

"Wewe ndio ile mashine?"

"Ndiyo, mzee. Mashine ilikuwa mimi."

"Hm. Mimi nilidhani ni kitu kikubwa. Kumbe ni mtoto."

Nikajaribu kumweleza folda na faharasa, na nikajisikia mjinga kabla sijafika katikati. Nikaacha. Nikamwambia ni kama mtu aliyewahamisha mbuzi kwenye zizi la nyuma ili uwanja wa mbele usiwe na kelele, kisha kila aliyekuja kuuliza mbuzi wake, akatazama uwanja wa mbele tu na kusema hawapo.

"Na hiyo zizi ya nyuma hukuenda kuangalia?"

"Sikwenda, mzee."

"Miezi yote hiyo?"

"Miezi yote."

"Mtoto wa miaka sita ukimwambia mbuzi haiko, anaenda kuchungulia kwa zizi. Wewe umesoma mpaka wapi?"

Nikamwambia. Mtu mwingine aliyekuwa karibu naye akacheka, na Wario akamnyamazisha kwa Kiborana. Kisha sauti yake ikabadilika.

"Sasa sikiza. Hapa kuna watu. Ngoja waje karibu. Sema tena, pole pole. Sema siku. Sema nani alisimama."

Nikasema tena. Siku, jina la mtoto, jina la baba, jina la babu, na jina la aliyesimama. Nikasema kwamba halikufutwa, na kwamba mimi ndiye sikuangalia. Akaniambia ngoja, kuna mwingine amefika. Nikasema mara ya tatu. Nilikuwa nikiongea kwa sauti kubwa ili wasikie, na foleni nzima dirishani ilikuwa ikisikiliza. Nyuma yangu kijiko kilikuwa kimeacha kukoroga.

"Hawo yuko hapo?" Wario akauliza mwishowe.

Mama Hawo akainama mpaka mdomo ukakaribia simu. Waliongea kwa Kiborana, maneno machache, na sikuyaelewa isipokuwa moja, nagaa, amani, ambalo kila mmoja alilirudia mara kadhaa. Talaso alikuwa ametazama barabarani. Aliweka karatasi ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mkoba, akafunga zipu, akaifungua tena kuhakikisha imo. Kesho asubuhi anasafiri.

Nilipogeuka, Bwana Kirimi alikuwa amesimama mlangoni kwake na kikombe mkononi. Sijui alianza kusikia wapi. Aliutazama muhuri uliokuwa mezani, akanitazama mimi, akarudi ndani na kufunga mlango. Siku nzima hakuniita. Kwa hiyo Kulamawe sasa wanajua, na foleni ya leo inajua, lakini kwa mkuu wangu jambo hili halijapewa jina. Mkataba unaisha mwisho wa mwezi.

Naogopa. Siandiki hivi ili nionekane jasiri, kwa sababu sikuwa. Kama Wario asingewaita watu waje karibu, ningeongea kwa kunong'ona.

Sasa ile kompyuta. Tangu Jumatatu sikuwa nimeigusa ile mipangilio. Nilitaka mtu yeyote atakayetaka kuliona kosa langu alikute lilivyo. Leo nilipofika nyumbani ndipo nilipoirudisha tiki. Imeanza kuyapitia mafaili yote upya na namba inapanda mbele yangu. Chini yake imeandika kwamba kasi hupunguzwa kila mara mtu anapoitumia. Ndiyo maana naandika kwa simu. Nimeiacha peke yake, nimeiwekea feni ya mama ubavuni, na feni inapuliza vumbi zaidi kuliko upepo.

Hata ikimaliza, sitaiamini kama zamani. Leo nimegundua kwamba vikao vya zamani kabisa havikuchapwa, vilipigwa picha tu, karatasi za mkono za karani aliyenitangulia. Picha haina maneno ambayo mashine hii inaweza kuyasoma. Faharasa itapita juu yake kama mtu anavyopita mbele ya nyumba asiyoijua. Kwa hiyo hapana, tatizo halikuwa tiki peke yake. Ni kwamba nilikuwa nimepewa watu kuwatunza, nikaona inatosha kuuliza.

Nimejiwekea sharti moja. Nikiwa kwenye dirisha lile, au lolote nitakaloajiriwa baadaye, sitasema tena "hayupo". Nitasema "sijamwona bado", na nitasema nimeangalia wapi.

Katika wale kumi na saba, majina ya tisa nimeyaona kwenye mafaili kwa macho yangu, na walioacha namba nimewapigia. Wanane sijawafikia. Watatu kati yao hawakuacha namba, wala sijui walikotoka. Kwenye daftari nimewaandikia jina na lile neno tu.

Kwa ajili yao naeleza jinsi ya kunipata.

Kama ulikuja kwenye dirisha la karani kijana, tangu yale majuma ya joto kabla ya mvua, ukaambiwa jina lako halipo, andika ujumbe chini ya ukurasa huu. Hautaonekana na mtu mpaka niuruhusu, nami sitauruhusu. Usiandike jina lako kamili. Andika herufi ya kwanza ya jina la baba yako, na msimu wa kikao chako, hata kama unaukumbuka kwa mvua au kwa kiangazi. Kama hujui kusoma na mtu mwingine ndiye amekusomea haya, huyo mtu akuandikie. Kama unamjua mmoja wao, mwambie tu arudi ofisini, bila kumwambia ulisoma wapi.

Niko dirishani Jumatatu hadi Ijumaa mpaka mwisho wa mwezi huu. Zaidi ya hapo siwezi kuahidi. Njoo asubuhi, kabla ya saa nne, foleni ikiwa fupi. Usilete karatasi yoyote. Niambie ni nani aliyekusimamia na mlinyeshewa au hamkunyeshewa siku hiyo, kisha kaa, usiondoke. Nitaizungusha skrini, nitafungua vikao vyote vya msimu huo mbele yako, na tutasoma jina moja baada ya jingine, kwa sauti, mpaka tulifikie lako.